Tembo na maji ya kiangazi: namna kijiji kinavyoweza kuutengea mto nafasi yake

Mwongozo huu nawaandikia wanakamati wa mazingira, watendaji na askari wanyamapori wa vijiji vinavyopakana na pori: Liwale, Nachingwea, Masasi, Nanyumbu na Kilwa ya ndani. Ukanda wetu, kusini mwa Tanzania, ni mapito ya wanyama kati ya hifadhi ya Selous na ile ya Niassa nchini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Humo wamo mbwa mwitu, ambao Afrika nzima wamebaki wachache, na tembo wa savana, ambaye mwaka 2021 aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Sensa ya 2013 iliwakuta tembo kama 13,000 tu katika eneo la Selous, baada ya miaka ya ujangili mkali. Idadi yao haiwezi kupona kwa bunduki za askari peke yake. Inahitaji maji, na njia ya kuyafikia maji hayo bila kupita katikati ya mihogo ya mtu.

Naamini, kwa niliyoyaona katika kazi hii, kwamba ugomvi mwingi wa tembo na mkulima huanzia mtoni. Shambani ndipo tunapouona.

Hatua ya 1: Yatafute maji ya Oktoba

Usianze na ramani ya masika. Masika kila korongo lina maji na mnyama hana shida. Anza mwishoni mwa kiangazi, Septemba hadi mvua zinapokaribia, wakati mito yetu mingi inabaki mchanga mtupu juu na madimbwi machache kwenye kona, chini ya mikuyu. Ruvuma hutiririka mwaka mzima; mito ya ndani haina bahati hiyo.

Waulize watu watatu tofauti: kina mama wanaochota maji, wavuvi wa kambale, na wazee waliowahi kuwinda. Kila mmoja anajua dimbwi ambalo mwenzake halijui. Kisha nendeni pamoja mkaone. Kwa kila dimbwi andika jina lake la asili, chukua alama ya mahali kwa simu, na uandike nyayo na kinyesi ulichokuta. Tazama pia mchanga wenyewe: tembo huchimba visima kwa miguu na mkonga, na wanyama wengine wadogo hunywa humo akishaondoka. Mahali penye visima hivyo ni maji, hata kama juu pamekauka. Wengi hupapita bila kupaandika.

Hatua ya 2: Pima, halafu piga hesabu mbele ya watu

Mto ukiwa bado unatiririka, chagua sehemu iliyonyooka, pima mita 10, tupa kipande cha mti juu ya maji uhesabu sekunde. Tuseme mto una upana wa mita 4 na kina cha wastani cha sentimita 25, na kijiti kimetumia sekunde 25. Upana mara kina ni mita ya mraba 1; mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha, kisha zidisha tena kwa 0.85, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Unapata lita 340 kwa sekunde. Rudia kila wiki, pale pale.

Kwa dimbwi, simika fito lenye alama za sentimita, na mtu mmoja alisome kila Jumatatu.

Sasa hesabu ambayo huwa inanyamazisha mkutano. Tembo mmoja mkubwa anaweza kunywa lita 150 au zaidi kwa siku. Kundi la tembo 10 ni lita 1,500. Pampu ya petroli ya inchi tatu, hizi zinazomwagilia bustani za nyanya mabondeni, ikifanya kazi kwa nguvu yake yote huvuta lita zinazokaribia 1,000 kwa dakika. Kinywaji cha kundi zima kwa siku ni dakika moja na nusu ya pampu. Mkulima akiona hivyo anaelewa kuwa hatuombi aache kilimo. Tunaomba pampu izimwe kabla dimbwi halijafika kwenye matope.

Hatua ya 3: Kubalianeni juu ya alama ya kuzima pampu

Sheria iko upande wenu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo matumizi mengine yafuate. Anayevuta maji kwa pampu kwa ajili ya umwagiliaji anahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara. Waalikeni maafisa wake mapema, wakiwa sehemu ya mazungumzo. Wakija siku ya kesi tu, wenye bustani watawaona kama polisi.

Pakeni rangi nyekundu kwenye fito. Maji yakishuka hadi hapo, pampu zote zinazimwa na ndoo zinaendelea. Alama iwe juu kuliko mnavyodhani inatosha, maana jua la Oktoba nalo linakunywa. Utupa na sumu nyingine za kuvulia samaki zipigwe marufuku kabisa katika madimbwi yaliyotengwa. Dimbwi likishatiwa sumu, perege na kambale waliojihifadhi humo wakisubiri masika wanakufa, na mto utakapojaa hakuna wa kuzaliana.

Hatua ya 4: Tengeni ukingo na njia

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukitembea kando ya mito yetu unakuta ufuta umepandwa hadi majini. Kufyeka ukingo kunaangusha udongo, udongo unafukia madimbwi, na mwaka unaofuata maji yanakauka mapema zaidi.

Lakini mita 60 peke yake hazimsaidii tembo ikiwa hana pa kuingilia. Kwa hiyo kaeni na Kamati ya Usimamizi wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji mchore, kwa majivu chini au kwa kalamu, njia kutoka porini hadi kila dimbwi kubwa. Fuateni mapito yaliyopo. Ukimchagulia tembo njia mpya kwa sababu ya zamani ina mkorosho wa mtu, atafuata ya zamani na mkorosho atauvunja. Hapa ndipo kazi ilipo ngumu, kwa sababu kuna mwenye shamba katikati ya njia. Mpeni ardhi mbadala yenye rutuba, siyo mawe, na iandikwe katika muhtasari. Msimfukuze. Mtu aliyeonewa atatega waya kwenye njia hiyo hiyo, na sitamshangaa.

Mpango ukishapita halmashauri ya kijiji, upelekwe mkutano mkuu wa kijiji, kisha sheria ndogo ziende halmashauri ya wilaya zipitishwe. Na kijiji cha juu ya mto nacho kihusishwe. Wao wakivuta yote, fito lenu jekundu litabaki pambo.

Hatua ya 5: Ukingo uachwe upone

Mara nyingi ukiacha kulima tu, matete na vichaka hurudi vyenyewe. Palipobaki uchi kabisa, chomekeni vipande vya mkuyu mwanzoni mwa mvua. Msipande mikaratusi karibu na maji. Moto wa kudhibiti nyasi uchomwe mapema, Mei hadi Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, na usiguse msitu wa ukingoni.

Hatua ya 6: Nyaya na mbwa wa nyumbani

Mitego ya waya hutegwa zaidi karibu na maji, kwa kuwa wanyama wote hupita hapo. Kila mnapokwenda kusoma fito, kagueni mapito na kung'oa. Mbwa mwitu hunaswa humo ingawa mtego ulikusudiwa swala. Hufa pia kwa kichaa cha mbwa na magonjwa mengine wanayoambukizwa na mbwa wetu, hivyo ombeni ofisi ya mifugo ya wilaya chanjo kwa mbwa wote wa kijiji.

Hatua ya 7: Daftari moja

Liwe na safu nne: tarehe, kipimo cha fito, dalili za wanyama, na uharibifu wa mashamba. Uharibifu uripotiwe kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya siku hiyo hiyo ili mkulima adai kifuta jasho chake. Mkiuficha kulinda sifa ya mradi, mtapoteza imani ya watu. Baada ya kiangazi cha pili linganisheni safu ya fito na safu ya uharibifu. Kama mashamba yaliharibiwa zaidi katika wiki ambazo dimbwi lilikuwa chini ya alama nyekundu, pandisheni alama hiyo kabla ya msimu unaofuata wa bustani. Kama yaliharibiwa maji yakiwa tele, tatizo liko kwenye njia. Rudini hatua ya nne.