Ulikuwa JWTZ sasa uko serikalini? Miaka yako isipotee

Wenzangu wa Tanga mliotoka jeshini mkaajiriwa serikalini, msingoje mpaka mwaka wa kustaafu ndo mkimbizane na mafaili. Nenda masijala uombe wakuangalizie kama cheti cha jeshi kimo, changu nilipeleka kwa mkono na faili halikuwa nacho kabisa. Halafu andika barua kwa ofisa utumishi kupitia mkuu wa idara, weka namba ya jeshi, kikosi, tarehe ya kuingia na kutoka, cheki namba (namba yako ya mshahara serikalini), uombe waziwazi miaka ile ya jeshini iunganishwe na ya serikalini kwenye hesabu ya kustaafu, na kama ulishachukua kiinua mgongo sema tu. Muda wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) uandike peke yake, usiuchanganye na wa JWTZ. Majina yakipishana kwenye karatasi zako, hata Athumani na Othman, kaape kwa wakili kwamba ni mtu mmoja. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa palepale dirishani, usiondoke bila.