SOMO: Majani ya pilipili yanaharibika? Geuza jani kwanza, dawa baadaye

Wakuu, kila nikifungua simu nakuta picha ya mche wa hoho iliyopigwa kwa mbali, na chini yake maneno mawili: "dawa gani?" Naandika yote hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Ni kwa bustani za nyumbani: hoho, mbuzi, kichaa, dalili zake zinafanana.

1. Kagua asubuhi, umande ukishakauka. Ukishika mimea iliyolowa unasambaza ugonjwa kwa mikono yako.

2. Angalia tatizo limeanzia wapi. Majani ya chini yakipauka yote kwa pamoja na ya juu ni mazima, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Weka samadi iliyooza, dawa haihusiki.

3. Soma madoa. Vidoa vidogo vinavyoonekana kama vimelowa maji, kisha vinakuwa kahawia na kuzungukwa na unjano, majani yakipukutika: bakteria. Doa la duara lenye kitovu cha kijivu na ukingo mweusi: jicho la chura, huo ni ukungu. Unjano juu ya jani na unga mweupe upande wa chini: ubwiri unga. Kijani na njano batobato, jani limekunjamana: virusi, na virusi havina dawa. Ng'oa.

4. Chuma majani yenye madoa, yachome. Usiyatupe kwenye mboji.

5. MAJANI YALIYOJIKUNJA. Hapa watu wanang'oa miche mizima wakidhani ni virusi, au wanamwaga dawa ya ukungu mwezi mzima bila faida. Geuza jani changa la kileleni. Likikunjika kwenda juu na lina michirizi ya rangi ya fedha, ni vithiripi, wadudu wadogo wembamba. Likikunjika kwenda chini, jembamba, gumu, mgongo wake unang'aa kama shaba, ni utitiri. Utitiri huu hauonekani kwa macho, kwa hiyo usiniambie "nimeangalia, hakuna mdudu". Kwa utitiri tumia salfa ya kuchanganya na maji, kipimo cha kwenye lebo, jioni, na pulizia chini ya majani. Onyo la kwanza: jua likifikia nyuzi 32, salfa inaunguza majani. La pili: usiipige ndani ya wiki mbili baada ya mafuta ya mwarobaini wala kuyachanganya pamoja. Majani yatababuka yote, na utadhani ugonjwa umezidi. Majani yaliyokwisha kujikunja hayanyooki tena. Subiri machipukizi mapya ndiyo yakupe jibu.

6. Kwa bakteria, kopa (dawa ya madini ya shaba) ya dukani. Inakinga majani mazima, haiponyi yaliyooza. Mrututu mtupu (chumvi ya bluu ya shaba) usiupulizie kamwe, unaunguza.

7. Mwagilia shinani, siyo juu ya majani.

Maswali

Mdau, Mbagala: Pilipili zangu zina shida, naomba dawa ya haraka.
Jibu: Picha ya mgongo wa jani iko wapi? Soma namba 3 na 5 kisha rudi.

Mdau, Moshi: Nimepiga kopa mara tatu majani bado yanajikunja. Kopa yako haifanyi kazi.
Jibu: Kopa nimeiandika namba 6, kwa bakteria. Kujikunja ni namba 5. Sijaichanganya mimi.

Mdau, Tanga: Kaka, mbegu natoa mwenyewe kwenye hoho za sokoni. Bakteria wanaweza kujificha humo?
Jibu: Swali zuri sana dada. Ndiyo, wanasafiri na mbegu, ndiyo maana unakuta madoa yameanza kitaluni kabla mvua haijanyesha. Funga mbegu kwenye kitambaa chepesi, zamisha kwenye maji ya nyuzi 51 kwa dakika 30. Kipimajoto ni lazima: joto likizidi mbegu zinakufa, likipungua bakteria wanabaki. Kisha tia kwenye maji baridi, anika kivulini. Anza na chache, otesha, uone zinavyoota. Na usipande palipokuwa na nyanya au bilinganya msimu uliopita, ni ukoo mmoja.

Mdau, Iringa: Baba watoto anavuta sigara na ndiye anayepogoa. Nimesikia tumbaku inaleta batobato, ni kweli?
Jibu: Kweli mama. Virusi vya batobato ya tumbaku vinaweza kuwa kwenye sigara yenyewe na vikahamia kwenye mche kupitia vidole. Anawe kwa sabuni kabla ya kushika mche wowote.

Mdau, Njombe: Kwetu tunachovya mikasi kwenye maziwa.
Jibu: Inasaidia. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 20 kwa mililita 100 za maji, na chovya kila unapohama mche.