Somo: Brashi ya vekta isiyombadilishia mchoraji mstari wake

Wadau, habari za leo. Swali hili limeingia inboksi yangu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandikia somo moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa. Swali lenyewe: "Nimetengeneza programu ya kuchora kwa brashi, inahifadhi vekta (mchoro ulioandikwa kama mistari ya kihesabu, usioharibika ukikuzwa), inafanya kazi, lakini wachoraji wakiijaribu wanaiacha. Tatizo nini?"

Yangu inaendeshwa kwenye kivinjari. Wanaoitumia ni wapakaji hina wanaotaka kutunza nakshi zao na kuzichapa kwa ukubwa wowote.

1. Weka `touch-action: none` kwenye eneo la kuchorea, la sivyo kidole kitasogeza ukurasa.

2. Kusanya nukta zote. Kivinjari hufungasha nukta kadhaa kwenye tukio moja ili kiende sambamba na skrini. Kalamu inayotuma nukta 240 kwa sekunde kwenye skrini inayojichora upya mara 60 kwa sekunde itakupotezea tatu katika kila nne usipoziomba kwa `getCoalescedEvents`. Ndiyo maana duara la haraka linatoka na pembe.

3. Chora papo hapo, hata kama mstari bado mbichi. Hesabu zisubiri.

4. Upana utokane na nguvu ya mkono, inayopimwa kuanzia 0 hadi 1. Kipanya hakina kipimo hicho. Kivinjari kinakupa 0.5 muda wote kitufe kikiwa kimebonyezwa. Hapo tumia kasi: mkono ukienda mbio, mstari uwe mwembamba.

5. Kusafisha nukta. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni polepole.

Mstari wa sekunde mbili unaweza kuwa na nukta 480, na inabidi zigeuzwe matao machache ya Bézier, yaani mikunjo laini ambayo kila mmoja unaelezwa kwa nukta nne tu. Natumia njia ya Philip Schneider ya mwaka 1990: unapitisha tao moja kwenye nukta zote, iliyo mbali zaidi na tao ikivuka kiasi unachovumilia, unakata hapo na kujaribu upya kila upande. Kiasi hicho nilikiweka 2, kwa vipimo vya karatasi (yaani vya mchoro wenyewe kabla ya kukuzwa), na kwenye majaribio yangu kila kitu kilitoka safi. Nikampelekea shangazi yangu, anayepaka maharusi. Akakuza mara nane, akachora ua dogo la petali sita. Alipoinua kalamu, petali zikasinyaa. Akachora tena, zikasinyaa tena. Mara ya tatu akaiweka kalamu mezani, akaniuliza, "Mwanangu, hiki kitu kinanisahihisha?" Sikuwa na la kumjibu. Mkono wake unazijua petali zile kuliko programu yoyote nitakayoandika.

Vipimo 2 vya karatasi ukikuza mara nane ni pikseli 16 za skrini. Petali nzima inaweza kupotelea humo. Kiasi cha kuvumilia kipimwe kwa pikseli za skrini, kisha ukigawanye kwa ukuzaji. Sasa natumia 1.5, kwa mara nane inakuwa kama 0.19 ya karatasi. Tahadhari nyingine: tafuta pembe kali kwanza na ukate hapo kabla ya kupitisha tao, la sivyo ncha ya petali itaviringika. Na usisafishe mstari uliokwisha kusafishwa. Kila ukirudia unakula umbo kidogo. Mstari aliouona akichora ndio aukute akiinua kalamu.

6. Hifadhi uti wa mstari (njia ya katikati yake) pamoja na upana wake katika kila nukta. Mstari wa SVG (aina ya faili ya vekta) una upana mmoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo umbo la nje lililojazwa rangi litengenezwe wakati wa kutoa faili. Ukihifadhi umbo peke yake, mtu hawezi tena kunenepesha brashi kesho.

7. Tendua: mguso mmoja, mstari mmoja.

8. Mipangilio mitatu mbele: ukubwa, ulaini, rangi. Mingine ifiche.

MASWALI

Mdau wa Mwanza: Mkuu, yangu mstari unaruka ruka. Nifanyeje?

Jibu: Unaruka ukichora au ukiinua kalamu? Hatua ya 5.

Mdau wa Mwanza: Ni ndefu. Nitumie tu msimbo mzima.

Jibu: Hapana. Nitajie kiasi ulichoweka na umekuza mara ngapi.

Mdau wa Moshi: Inkscape, programu ya kuchora vekta, ipo bure tangu 2003. Unahangaika nini?

Jibu: Inkscape naiheshimu na ninaitumia. Ni ya kompyuta. Shangazi anachora kwenye simu, mteja akiwa amekaa mbele yake.

Mdau wa Tanga: Mstari ukijikatiza wenyewe, kwenye makutano panatoka tundu jeupe. Nimegundua halitokei nikichora herufi C, ila 8 linatokea. Kwa nini?

Jibu: Umeangalia vizuri sana. Kanuni yako ya kujaza rangi ni `evenodd`: eneo lililofunikwa mara mbili linahesabiwa kuwa nje. C haijikatizi, 8 inajikatiza. Weka `nonzero`. Lakini kama faili inakwenda kwenye mashine ya kukata stika (karatasi ya kunata yenye matundu ya kupakia hina), hiyo haitoshi, maana kisu kinafuata kila mstari, hata uliofichwa chini ya rangi. Unganisha maumbo yawe moja kabla ya kutoa faili.

Mdau wa Mwanza: Nimeweka 4, nimekuza mara 6, sijagawanya.

Jibu: Basi ni pikseli 24. Weka 1.5, gawanya kwa 6, ujaribu.

Mdau wa Unguja: Mama hana kalamu, na kidole kinamziba anachochora.

Jibu: Weka kidirisha kidogo kwenye kona ya juu, kionyeshe kwa ukubwa mara mbili kilicho chini ya kidole. Kidole kikikaribia kona hiyo, kidirisha kihamie kona ya pili. Kisha kaa naye wakati anachora, usimwelekeze, uangalie tu wapi mkono unasita.

Mdau wa Tanga: Kumbe unakata stika! Nikikata ua, kitovu cha katikati kinadondoka.

Jibu: Acha vidaraja viwili au vitatu vya milimita moja na nusu kati ya kitovu na stika. Ukishapaka na kutoa stika, ziba mapengo kwa koni ya hina.