Umerudi kutoka kongamano la teknolojia ya elimu: uanzie wapi darasani

Ukumbi wa kongamano humdanganya mwalimu bila mtu yeyote kusema uongo. Intaneti ina kasi, kila mshiriki ana kifaa chake kilichojaa chaji, na "wanafunzi" ni watu wazima wanaokumbuka nywila zao. Katika hali hiyo programu yoyote hung'ara. Kwa hiyo ukiwa bado kitini, usiandike jina la programu peke yake. Andika na masharti yake: inataka vifaa vingapi, intaneti muda wote au mara moja tu, akaunti ya nani, na zilipita dakika ngapi kabla swali la kwanza la somo halijaulizwa. Hilo la mwisho lipime kwa saa, maana watoa mada hawana desturi ya kulitaja.

Ukirudi, pitia daftari ndani ya siku mbili, mambo yakiwa bado mabichi. Bakiza tu kile kinachogusa tatizo ulilokuwa nalo kabla ya kusafiri: wanafunzi hawajibu maswali, usahihishaji unakula jioni zote, jaribio la umeme halifanyiki kwa kukosa vifaa. Kingine kifute hata kama kilipigiwa makofi. Katika vilivyobaki, chagua kimoja. Ukianza na vitatu na kipindi kikaenda mrama, hutajua kipi kimekiharibu.

Kisha piga hesabu ya data. Chukua video ya megabaiti 40. Wanafunzi 35 wakiifungua kila mmoja kwenye kifaa chake, ni megabaiti 1,400. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, hata isipoyumba, hizo ni kama dakika 19, karibu nusu ya kipindi cha dakika 40, watoto wakitazama kiduara kinachozunguka. Angalia usichanganye megabiti na megabaiti: baiti moja ni biti 8, na wengi hujikwaa hapo. Ipakue mara moja uionyeshe kwa projekta, au tafuta zana isiyotegemea mtandao. Majaribio ya sayansi ya PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yanaweza kupakuliwa na kufunguliwa kwenye kivinjari bila intaneti. Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, nayo huwekwa kwenye kompyuta moja, masomo yakaingizwa hata kwa flashi, na vifaa vingine vikaisoma kupitia Wi-Fi ya humo humo darasani.

Kama darasa zima lina simu moja tu, yaani yako, Plickers, programu ya maswali ya kuchagua jibu, ndiyo ya kuanzia. Kila mwanafunzi hupewa kadi ya karatasi yenye mchoro wa miraba myeusi. Pande zake nne ni A, B, C na D, na jibu ni upande aliouelekeza juu. Unapitisha kamera polepole kutoka safu hadi safu, majibu yanaingia yenyewe. Herufi zimechapwa ndogo makusudi, jirani asichungulie.

Kinachokwamisha hapa ni vitu vidogo. Vidole vikifunika mchoro, kadi haisomeki. Wafundishe kuishika pembeni kabisa. Plastiki inayong'aa hurudisha mwanga kwenye kamera, kwa hiyo chapa kwenye karatasi ngumu na uiache hivyo hivyo, au tumia plastiki isiyong'aa. Dirisha likiwa nyuma ya wanafunzi, kadi huonekana kiza. Simama upande mwingine. Halafu andika namba ya kadi mbele ya kila jina kwenye orodha, kwa sababu wawili wakibadilishana kadi, alama nazo zinabadilishana. Siku ya kwanza uliza maswali mepesi mawili nje ya somo, kwa mfano leo ni siku gani, ili makosa ya kushika kadi yaishie hapo.

Kwenye programu zinazotaka majina ya watoto, sajili namba: 01, 02, 03. Soma pia sharti la umri. Majukwaa mengi ya Marekani huweka miaka 13 kwa sababu ya COPPA, sheria ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto mtandaoni.

Siku ya kipindi chenyewe, maswali matano yawe tayari kwenye andalio la somo. Mtambo usipowaka ndani ya dakika tatu, yaandike ubaoni uendelee. Usiwafanye watoto wakusubiri huku ukihangaika na nyaya.

Matokeo usiyapime siku hiyo hiyo. Katika utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006, wanafunzi waliorudia kusoma waliongoza walipopimwa baada ya dakika 5. Wiki moja baadaye, waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo rudisha maswali yale yale baada ya wiki, kwenye karatasi, bila kuwatangazia. Kama unafundisha mikondo miwili, mmoja ufundishe kwa njia ya kawaida na wote upe karatasi ile ile. Alama zikilingana, ila njia mpya imekula dakika 10 za maandalizi zaidi kila kipindi, iache.

Ikifaulu, wenzako ofisini usiwaonyeshe slaidi za kongamano. Wagawie kadi, uwaulize maswali matano ya somo lao.