Miguu imekakamaa ghafla: namna ya kuitambua konzo

Nafanya kazi zahanati huku Mtwara, kwenye mihogo michungu. Mtu akiletwa miguu imekaza ghafla, naanza na chakula: wiki hizi mmekula nini? Wengi hushangaa. Walikuja tayari wana jina la mchawi.

Konzo, kupooza miguu kunakoletwa na sumu ya muhogo mchungu, haichelewi. Mtu analala mzima. Kesho yake, au ndani ya siku chache, miguu yote miwili imekakamaa. Ikishakaza, haizidi wala haiponi, ila akiendelea kula sumu ileile aweza kupigwa tena. Inawapata zaidi watoto waliovuka miaka 3 na wanawake wa umri wa kuzaa.

Mtazame akitembea: anakanyagia vidole, magoti yanapishana kama mkasi. Aliyeishi nayo muda, geuza ndala zake. Zimelika mbele, kisigino kizima. Mkalishe mezani miguu ining'inie, umgonge chini kidogo ya pia ya goti. Miguu yote ikiruka kwa nguvu, shuku konzo. Ikiwa legelege, waza polio na utoe taarifa siku hiyohiyo. Mgongo ukiuma au una kibyongo, apimwe kifua kikuu cha uti wa mgongo haraka, maana hicho kina dawa. Konzo haina. Zilizoumia ni neva zinazoshusha amri kutoka ubongoni, lakini akili iko timamu, kwa hiyo mtoto asikatishwe shule. Mazoezi ya kunyoosha vifundo yaanze mapema.

Sumu yenyewe ni sayanidi. Ukame ukipiga, muhogo unazidi uchungu na njaa haisubiri makopa yaive, sumu ipungue. Ndivyo konzo ilivyozuka Tarime mwaka 1985.

Unga wa muhogo unaoutilia shaka usiutupe. Mimina kwenye beseni, sawazisha, weka alama kwa ndani ulipofikia. Tia maji ukikoroga: utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze mkekani, unene usizidi sentimita 1, kwa muda wa saa 2 juani au 5 kivulini, na iwe nje, kwa sababu sayanidi inatoka kama hewa. Njia hii aliibuni Howard Bradbury wa Australia. Songa ugali siku hiyohiyo, kwa maana ukilala unachacha.

Weka maharage au dagaa pembeni. Protini husaidia mwili kuivunja sumu iliyobaki. Mboga ikikosekana kabisa, unga uloweshwe hivyohivyo.