Kufunga Feni za Umeme kwenye Rejeta ya Gari la Zamani

Magari mengi ya zamani ambayo bado yanafanya kazi Dar es Salaam, kuanzia Toyota Mark II zenye injini ya 1G hadi Hilux na Land Rover za miaka ya 1980, yalitoka kiwandani yakiwa na feni inayozungushwa na injini kwa mkanda. Kasi ya feni hiyo inafuata kasi ya injini, kwa hiyo gari linapokwama kwenye foleni ya Buguruni saa nane mchana, feni huzunguka polepole wakati uleule ambao rejeta haipati upepo mwingine wowote. Feni ya umeme hupuliza kwa nguvu ileile, gari liwe limesimama au linakwenda. Hata hivyo, ina udhaifu ambao feni ya mkanda haina: inategemea swichi ya joto, rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), fyuzi, waya wa chanya na waya wa hasi, na kimoja kati ya hivyo kikishindwa feni hukaa kimya huku injini ikichemsha hadi silinda hedi inapinda. Karibu feni zote za umeme nilizoletewa gereji kwa sababu gari limechemsha zilikuwa na mota nzima, na ubovu ulikuwa kwenye nyaya. Kwa sababu hiyo nitaeleza kazi ya chuma kwa kifupi, kisha nitakaa zaidi kwenye umeme.

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba kinachokosekana ni upepo

Gari likichemsha likiwa limesimama, kisha mshale wa joto ukashuka mara linapopata mwendo, upepo ndio unaokosekana na kazi hii itakusaidia. Likichemsha kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo unatosha tayari na kasoro iko upande wa maji: rejeta imeziba, thamostati (vali inayoyaruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakishapata joto) haifunguki, mapanga ya pampu ya maji yamelika, mfuniko wa rejeta haushiki presha, au gasketi ya silinda hedi inavuja. Mfuniko ulioandikwa 0.9, ambao hutumika kwenye Toyota nyingi, huyawezesha maji kupita nyuzijoto 115 bila kuchemka. Ukilegea, kinga hiyo yote hupotea, na kuubadilisha ni gharama ndogo kuliko jambo jingine lolote katika mwongozo huu.

Ipime rejeta yenyewe pia. Injini ikishapata joto, zima gari, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuugusa; sehemu iliyopoa katikati ya sehemu za moto imeziba. Katika jiji hili sababu kubwa ni maji ya visima, ambayo katika maeneo mengi ya pwani yana chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya mirija na kula alumini. Hakuna feni itakayoiponya rejeta ya namna hiyo. Iondoe, uizibue au uinunue nyingine, na baadaye ujaze maji yaliyoondolewa madini pamoja na kulanti (dawa ya kupoza injini).

Mwisho, jaribu klachi ya feni ya zamani, yaani kiungo kinachoishika feni kwenye pampu ya maji. Kama feni ina klachi ya mafuta ya silikoni, izungushe kwa mkono injini ikiwa imezimwa na bado ina joto. Ikizunguka mizunguko kadhaa bila ukinzani, mafuta yametoka. Ikiwa gari hilo ni la dizeli na linabeba mizigo mizito kupanda mlima wa Kitonga, ushauri wangu ni kununua klachi mpya na kuacha mfumo wa kiwandani jinsi ulivyo, kwa sababu feni ya mkanda iliyo nzima huvuta upepo mwingi sana injini inapokokota mzigo kwa mizunguko mikubwa. Feni za umeme zinalifaa zaidi gari dogo la mjini.

Hatua ya pili: chagua feni na upige hesabu ya umeme

Pima upana na urefu wa rejeta, kisha upime nafasi kati ya rejeta na puli ya pampu ya maji. Acha angalau milimita 20 kati ya mota ya feni na kitu chochote cha injini, kwa sababu injini hucheza juu ya mipira yake unapoondoka au kufunga breki. Feni ikae nyuma ya rejeta, upande wa injini, na ivute upepo. Feni ya kusukuma, inayokaa mbele, huziba sehemu ya upepo wa asili gari linapokimbia, kwa hiyo itumie tu pale ambapo nyuma hakuna nafasi.

Katika maduka ya spea za kutumika ya Ilala Shaurimoyo na Gerezani zinapatikana feni zilizotolewa kwenye magari ya Kijapani zikiwa na kava yake ya plastiki. Mimi huzipendelea kuliko feni mpya zisizo na jina, mradi zipimwe kabla ya kulipiwa, kwa sababu kava huifanya feni ivute upepo kupitia uso mzima wa rejeta badala ya duara la mapanga peke yake. Iunganishe na betri, usikilize kama inakwaruza, utikise mhimili wake, na upime ampea zake kwa mita ya klampu inayosoma umeme wa betri. Feni ya inchi 12 kwa kawaida hutumia kati ya ampea 8 na 15 ikiwa imeshika kasi, na huvuta mara mbili au tatu ya hapo katika sekunde ya kwanza.

Alteneta (jenereta inayochaji betri) nyingi za magari hayo hutoa ampea 50 hadi 70, na hutoa pungufu injini inaposaga bila mwendo. Jumlisha taa kubwa, kiyoyozi, redio na feni mbili, na utaona kwamba hesabu inabana. Ikizidi, tafuta kwanza alteneta kubwa zaidi.

Hatua ya tatu: ondoa feni ya mkanda

Fanya kazi injini ikiwa imepoa kabisa, na uchomoe waya wa hasi wa betri kabla ya kushika kitu kingine. Legeza mkanda, fungua nati nne zinazoshika klachi kwenye pampu ya maji, kisha utoe feni pamoja na kava yake. Kuwa mwangalifu hapa: kwenye Toyota nyingi nati hizohizo nne ndizo zinazoishika puli. Feni ikiondoka, unene wa kitako cha klachi unaondoka nao, na nati zinaweza kufika mwisho wa nyuzi kabla ya kuibana puli. Weka washa (pete za chuma) nene zinazolingana na unene huo, au badilisha bolti, kisha uzungushe puli kwa mkono kuhakikisha kwamba haiyumbi. Rudisha mkanda na uukaze hadi kidole gumba kiweze kuubonyeza takriban sentimita moja katikati ya puli mbili.

Hatua ya nne: funga feni kwenye fremu ya rejeta

Tengeneza vishikio vya chuma bapa vinavyofungwa kwenye fremu za pembeni za rejeta au kwenye bodi la gari, na uweke washa za mpira kila mahali pa kufungia. Usitumie vijiti vya plastiki vinavyopitishwa katikati ya mapezi ya rejeta, hata kama vimeuzwa pamoja na feni, kwa sababu mtikisiko wa barabara huvifanya visage mapezi, kisha mirija, na baada ya muda rejeta inavuja mahali pasipozibika kirahisi. Kazi ya kuchomelea ifanyike rejeta ikiwa nje ya gari.

Hatua ya tano: chagua swichi ya joto na uipime

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Thamostati za magari hayo kwa kawaida huanza kufunguka kwenye nyuzijoto 82. Swichi inayozima feni chini ya kiwango hicho huifanya feni isipumzike kamwe, kwa sababu thamostati haitaruhusu maji ya injini yapoe kufikia hapo. Kama swichi inakaa juu, maji yanapoingia kwenye rejeta, chagua inayowasha kati ya nyuzijoto 92 na 95 na kuzima karibu na 87. Kama inakaa chini, maji yanapotoka, tayari yamepoa, kwa hiyo swichi ya 95 itachelewa mno. Hapo chagua inayowasha mapema zaidi, kama nyuzijoto 85 hadi 88.

Rejeta isiyo na tundu la swichi hufungiwa kipande cha bomba la chuma chenye tundu la nyuzi, kinachokatizwa kwenye mpira wa juu. Kipande hicho kimezungukwa na mpira pande zote mbili, kwa hiyo hakigusi bodi. Swichi ya waya mmoja, ambayo hupata hasi kupitia mwili wake, ikifungwa hapo haitafanya kazi hadi ukipe kipande chenyewe waya wa hasi.

Jambo la pili ni muhimu zaidi. Swichi nyingi za feni zilizotolewa kwenye Toyota za miaka ya 1980 na 1990 hufanya kazi kinyume na matarajio ya fundi: zikiwa baridi zimeunganika, na zikifika takriban nyuzijoto 93 hujitenga. Kiwanda kilikusudia kwamba waya wa swichi ukikatika, feni iwake. Mpangilio huo ni mzuri, ila unahitaji rilei ya miguu mitano (namba za miguu huandikwa kwenye rilei) inayotumia mguu 87a, unaopata umeme rilei ikiwa haijaamshwa, na umeme unaoingia mguu 30 lazima upitie rilei nyingine inayofuata funguo, la sivyo feni itazunguka usiku kucha gari likiwa limeegeshwa. Kwa anayefanya kazi hii mara ya kwanza, nashauri atumie swichi inayojiunga inapopata joto.

Usiamini maneno ya muuzaji kuhusu aina ya swichi. Iningʼinize kwenye sufuria ya maji ncha yake tu ikiwa imezama, weka kipimajoto kando yake, unganisha multimita, kisha uchemshe maji polepole. Andika nyuzijoto inapobadilika, uache maji yapoe, na uandike tena inaporudi.

Hatua ya sita: unganisha umeme

Kila feni ipewe rilei yake ya ampea 40 na fyuzi yake. Waya wa milimita 4 za mraba unatosha kwa feni ya ampea 15 kwenye umbali wa kawaida wa ndani ya boneti. Kwa feni inayokaribia ampea 30 tumia milimita 6 za mraba. Toa waya kutoka chanya ya betri, weka fyuzi ya ampea 30 ndani ya sentimita 20 za mwanzo, kisha upeleke mguu 30 wa rilei. Fyuzi iko pale kuulinda waya, kwa hiyo sehemu iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi na inapaswa kuwa fupi. Mguu 87 unakwenda kwenye chanya ya feni.

Mguu 86 upate umeme kutoka waya unaowaka funguo ikiwa imefunguliwa, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 5. Mguu 85 unakwenda kwenye swichi ya joto, na swichi inaupeleka kwenye hasi. Kutoka mguu huohuo 85, vuta waya mwembamba hadi swichi ndogo ya mkono kwenye dashibodi, ambayo nayo inakwenda hasi, ili dereva aweze kuwasha feni mwenyewe swichi ya joto ikifa njiani. Ongeza taa ndogo kwenye dashibodi kutoka mguu 87. Taa hiyo haithibitishi kwamba mota inazunguka, lakini mshale wa joto ukipanda huku taa haijawaka, utajua mara moja kwamba tatizo liko kabla ya feni.

Kama gari lina kiyoyozi, funga rilei ya pili sambamba na ya kwanza: miguu 30 iungane, miguu 87 iungane, na mguu 86 wa rilei hiyo uchukue umeme kwenye waya wa klachi ya kompresa, huku 85 ukienda kwenye bodi. Feni itawaka kila kiyoyozi kinapofanya kazi, na mikondo miwili ya amri haitaingiliana.

Waya wa hasi wa feni uwe na unene sawa na wa chanya. Kwangua rangi ya bodi hadi chuma kionekane, funga bolti, kisha upake grisi juu yake. Hewa ya chumvi ya Kigamboni na Mbezi Beach hugeuza shaba kuwa kijani ndani ya muda mfupi, kwa hiyo viungo vibanwe kwa koleo la terminali na kufunikwa na mrija unaosinyaa kwa joto. Kusokota nyaya na kuzizungushia tepu hakufai. Rilei zielekeze miguu yake chini ili maji yasituame. Waya wa mguu 86 pia uwe na swichi ya kuzima, utakayoitumia unapolazimika kupita kwenye maji baada ya mvua, kama bondeni Jangwani, kwa sababu mapanga yanayogonga maji hupinda kuelekea rejeta.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya kuingia barabarani

Jaza kulanti, toa hewa, rudisha betri na uwashe feni kwa swichi ya mkono. Weka karatasi mbele ya rejeta: ikinata, feni inavuta, ikisukumwa, nyaya zake mbili zimebadilishana. Pima volti kwenye terminali za feni ikiwa inazunguka, ulinganishe na volti za betri. Tofauti ikizidi nusu volti, tafuta kiungo kibovu, na uanzie upande wa hasi.

Kisha zima swichi ya mkono, acha injini isage hadi feni iwake yenyewe, na ungoje hadi izime yenyewe. Isipozima, rudia hesabu ya swichi na thamostati. Hatimaye washa taa kubwa, kiyoyozi na feni zote kwa pamoja injini ikisaga bila mwendo. Betri isome zaidi ya volti 13. Ikishuka chini ya 12.8, alteneta imezidiwa na betri itakwisha kwenye foleni. Baada ya wiki moja ya matumizi, kaza vishikio upya na uguse kila kiungo cha umeme mara tu baada ya feni kufanya kazi kwa muda mrefu: kilicho na joto kuliko waya wake kimelegea, na kifunguliwe, kisafishwe na kubanwa tena.