Kukodi mashua ya uvuvi Miami wakati wa baridi

Anayepanga kwenda Miami kuvua sulisuli kati ya Desemba na Machi asikimbilie kuchagua siku ambayo bahari imetulia kama maji ya mtungi, kwa sababu samaki huyu huchangamka zaidi pepo za kaskazini zinapovuma baada ya hewa baridi kushuka kutoka bara. Pepo hizo hukutana uso kwa uso na mkondo wa Gulf Stream unaoelekea kaskazini, mawimbi yakasimama wima na kukaribiana, na sulisuli huyapanda wakielekea kusini, kiasi kwamba abiria aliye makini huona ncha nyeusi ya mkia ikikata maji kabla nahodha hajasema neno.

Siku ya namna hiyo ina gharama yake mwilini. Dawa ya kuzuia kutapika inywewe usiku wa kuamkia safari, kwani ukiimeza mashua ikiwa tayari inayumba umechelewa. Na koti lisiachwe hotelini, maana alfajiri ya Florida baada ya upepo huo huwa na baridi kali kuliko wageni wanavyodhani.

Kabla ya kulipa arubuni, muulize nahodha kwa maandishi ni nani mwenye uamuzi wa kuahirisha safari hali ya hewa ikichafuka, na fedha zitarudi vipi. Naomba pia umwombe atumie ndoana za mviringo, ambazo hunasa pembeni mwa taya, ili sulisuli afunguliwe akiwa bado majini na aondoke akiwa mzima.